"Lini?": Kwa Wanaoanza Kufuatilia Jinsi Riwaya Ilivyopokelewa

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza wa fasihi hapa Iringa, na ninyi walimu wapya mliopangiwa shule za Mafinga, Makambako, Njombe na Mbeya, kuna jambo moja lililonigharimu muhula mzima kulielewa. Nataka ninyi mlipate mapema.

Nikiwa mwaka wa pili niliandika insha ya kurasa kumi na mbili kuhusu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Nilikuwa nimesoma wahakiki kadhaa. Mmoja aliona riwaya ile inachafua maadili. Mwingine aliona ni kilio cha mtoto wa kike. Wa tatu alisema mwandishi amekata tamaa, anaonesha shida na haoneshi njia. Nikawapanga kama watu waliokaa benchi moja wanabishana: huyu kasema hivi, yule kampinga, mimi naungana na wa pili. Insha iliporudi, pembeni palikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu, limerudiwa mara saba: "Lini?" Hapakuwa na maelezo mengine.

Nilimfuata mwalimu ofisini. Akaniuliza, huyu wa kwanza aliandika mwaka gani? Sikujua. Alikuwa anawaandikia akina nani? Sikujua. Na huyu wa tatu, wakati anashika kalamu nchi ilikuwa inapitia nini? Sikujua. Akanirudisha maktaba nikaandike miaka kwanza, halafu nitazame kama ubishi bado upo. Nilipoiandika, ubishi ukayeyuka. Wale watu hawakuwa wanajibizana. Kila mmoja alikuwa anajibu swali la siku zake, na yale ya mwenzake hayakumfikia.

Tangu siku ile, kila ninaposoma uhakiki naandika neno hilo pembeni kwa penseli.

Turudi kwenye riwaya yenyewe. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na anamchunga mtoto wake kwa kipigo. Barua ya mvulana inatosha kumtoa binti damu. Rosa anapotoka mikononi mwa baba na kwenda shule, hajui kujichunga kwa sababu hakuwahi kufundishwa, aliogopeshwa tu. Mwisho wake anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Baada ya miaka kikaruhusiwa na kikaja kusomwa madarasani, na mwaka 2025 tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Jay Boss Rubin, ikachapishwa Marekani na Yale University Press kama kazi kubwa ya fasihi ya Afrika. Zakaria ni yule yule na kifo ni kile kile, ila wanaokitazama wamekuwa wengine.

Mtu anayeanza huwa ana haraka ya kusema, "Zamani watu hawakuelewa, sasa tumeelewa." Msiseme hivyo. Waliokipiga marufuku walikielewa kwa namna yao: walikuwa na mabweni ya wasichana ya kulinda, na wazazi wa vijijini ambao ndiyo kwanza walikuwa wanakubali kuwaachia mabinti zao waende shule za mbali. Mzazi akisikia kwamba kitabu cha shule kinasimulia msichana aliyeharibikiwa shuleni, angemwachia nani mwanawe? Unaweza kupinga uamuzi wao, na mimi naupinga. Lakini ukiandika historia ya mapokezi ya kitabu, kazi yako ya kwanza ni kuonesha hofu ile ilikuwa na mantiki gani kwa aliyekuwa nayo.

Sasa niwape mfano wa darasani kwangu, kwa sababu hapa ndipo nilipoamini kwa macho kwamba mahali na wakati vinasoma pamoja na msomaji.

Mwaka 2010 nilikuwa nafundisha upande wa Njombe, wakati huo bado ni mkoa wa Iringa. Rosa Mistika haikuwa kwenye orodha yetu ya mtihani, lakini Ijumaa jioni nilikuwa nawasomea wanafunzi sura moja moja kama ziada. Ilikuwa Juni, ile baridi ya kwetu inayoingia mpaka kwenye mifupa, wengine wamejifunika mashuka juu ya masweta ya shule. Tulifika mahali ambapo Rosa anatoka na mwanamume huyu, kisha yule. Nilitegemea kicheko. Msichana mmoja aliyekaa dirishani akauliza, "Mwalimu, Rosa alipima?"

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilinyamaza, na mimi nikanyamaza nao.

Kwa kitabu, swali lile halina jibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, miaka kumi na miwili baada ya Rosa kuchapishwa. Lakini kwa chumba kile lilikuwa ndilo swali lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulipotoka, Njombe ilikuwa na asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wanaoishi na VVU, kuliko mkoa wowote wa Tanzania Bara. Iringa ilikuwa na 9.1 na Mbeya 9.0. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanalelewa na bibi au shangazi. Kwao kifo cha msichana mwishoni mwa kitabu hakikuwa ishara ya kitu chochote. Walishawazika watu wa umri ule. Kezilahabi hakuandika riwaya ya UKIMWI, lakini darasa lile la Nyanda za Juu Kusini liliisoma hivyo, na mtafiti akiniuliza riwaya hii imepokelewaje, nitakuwa nadanganya nikiliacha swali la yule binti.

Miaka ikapita, swali likageuka tena. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata mimba, waruhusiwe kurudi shuleni. Wanafunzi niliosoma nao Rosa baada ya hapo waliacha kuuliza alikosea wapi. Walianza kuuliza nani alimpa nafasi ya pili. Kitabu ni kile kile kilichochakaa, kimeshikiliwa na gundi ya mbao.

Nikitaja kitabu hicho, niwaambie kwamba nakala mliyo nayo mkononi nayo ni ushahidi. Yangu niliinunua kwenye vitabu vilivyotandazwa chini, Mwanjelwa, Mbeya. Ina majina ya watu watatu kwenye ukurasa wa mwanzo, na mistari chini ya maneno kwa rangi tatu. Mwenye wino wa bluu alipigia mistari kila mahali Rosa anapokosea. Mwenye wino mweusi alipigia mistari maneno ya Zakaria tu, na mahali pamoja akaandika "ukatili". Mwenye penseli aliweka alama kwenye methali na tamathali, bila shaka alikuwa na mtihani. Kabla sijasoma uhakiki wowote rasmi nilikuwa tayari na wasomaji watatu waliopokea kitabu kimoja kwa namna tatu. Msifute maandishi ya waliowatangulia, wala msidharau kitabu kilichochorwachorwa.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni madesa.

Mnajua steshenari zilizo karibu na vyuo na shule zetu. Utakuta uchambuzi wa riwaya, kurasa kumi, umepigwa stepla kwenye kona: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, muundo, mtindo, kisha "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi." Hakuna jina la aliyeandika, wala mwaka. Na chini ya kutofaulu, karibu kila mara ukikutana na Kezilahabi, utasoma kwamba ameonesha matatizo bila kutoa suluhisho, au kwamba amekata tamaa na maisha.

Hukumu hiyo ina umri, tena nitawaonesha ilikozaliwa. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwaka 1971, ule ule wa Rosa, TANU, chama tawala cha wakati huo, ikatoa Mwongozo, waraka wake wa kuusukuma ujamaa mbele. Katika miaka ya 1970 na 1980 wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili, hasa waliotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walisoma kwa jicho la Umaksi. Walikuwa wametoka kuuona ukoloni ukianguka. Waliamini kwa dhati kwamba mwandishi ana deni kwa mkulima na mfanyakazi, na deni hilo linalipwa kwa kuonesha njia ya kutokea. Kwa msomaji wa namna hiyo, riwaya inayoishia kwa kujiua ni mlango uliofungwa. Nikiwasoma wahakiki wale leo naona watu waliolipenda taifa lao kwa moyo mzito, na nawaheshimu.

Kisha mambo mawili yakatokea. Moja liko nje ya vitabu: matumaini ya ujamaa yalififia, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na swali la "umeonesha njia ya ujamaa?" likakosa mwenyewe. La pili liko ndani ya kazi za mwandishi. Mwaka 1985 Kezilahabi alimaliza shahada ya uzamivu huko Wisconsin, Marekani, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Halafu akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba, vigumu, ambavyo havisomeki kabisa kwa kipimo cha "ametatua tatizo gani la mkulima." Wahakiki ikabidi watafute kipimo kingine, wakazungumza zaidi juu ya udhanaishi, yaani falsafa inayohoji maisha ya mtu yana maana gani, juu ya mauti, na maana ya kuwapo. Wakiwa na kipimo hicho mkononi wakarudi nyuma kwenye Rosa Mistika na Kichwamaji, riwaya yake nyingine ya mwanzo, wakakuta kile kilichoitwa kukata tamaa kinaweza kuitwa swali la kifalsafa. Lishikeni hili: kitabu cha baadaye kinaweza kubadilisha namna tunavyosoma cha mwanzo.

Sasa desa la steshenari limebeba hukumu ya zama zile, limeing'oa na mwaka wake, limeing'oa na jina la aliyeitoa, na kuifanya ionekane ni ukweli wa kitabu. Mwanafunzi wa kidato cha sita mwaka huu anaandika "mwandishi hakufaulu kutoa suluhisho" bila kujua anarudia hoja ya mkutano uliovunjika kabla hajazaliwa. Siwakatazi kuisema hoja hiyo. Isemeni kama mnaiamini, lakini mjue ni ya nani na ya lini.

Kuna riwaya nyingine ya Kezilahabi ambayo mkiisoma mkiwa Iringa hamtaweza kuisoma kama mtu wa Pwani. Ni Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975. Tumaini, kijana wa Ukerewe, anatapanya mali, baadaye anatulia na kuwa mkulima mkubwa. Shamba linapochukuliwa kwa ajili ya ujamaa, anamuua Mkuu wa Wilaya, naye ananyongwa. Hapa kwetu, mzee yeyote ukimsimulia kisa hicho, hatakuachia umalize. Atakwambia, "Mwamwindi." Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, kwenye barabara ya kwenda Dodoma, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, kisha akaupeleka mwili kituo cha polisi mwenyewe. Alihukumiwa kifo.

Mwanafunzi mpya akifika hapo anaandika kwa furaha: "Riwaya hii inamhusu Mwamwindi." Nimeiona sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara naandika pembeni, "Umejuaje?" Tumaini ni mtu wa kubuni, na maisha yake kabla ya shamba hayafanani na ya mkulima wa Isimani. Sentensi unayoweza kuitetea ni nyingine: wasomaji wa Iringa wanaipokea riwaya hii kupitia kumbukumbu ya Isimani. Ya kwanza ni dai kuhusu moyo wa mwandishi, na itakubidi ulete maneno yake. Ya pili ni dai kuhusu wasomaji, na unaweza kwenda kuwauliza. Mkishika tofauti ya sentensi hizo mbili, kazi yenu itasimama hata mbele ya jopo kali.

Jambo hili si letu peke yetu. Herman Melville alichapisha Moby-Dick mwaka 1851, akafariki mwaka 1891 akiwa karibu amesahauliwa, na ilichukua mpaka miaka ya 1920 kitabu kile kuanza kuhesabiwa miongoni mwa riwaya kubwa za Marekani. Na kuna Heart of Darkness ya Joseph Conrad, iliyotoka kwanza jaridani mwaka 1899. Kwa miongo mingi ilifundishwa kama kilele cha usanii, mpaka Chinua Achebe alipotoa mhadhara Massachusetts mwaka 1975 akamwita Conrad mbaguzi wa rangi. Katika mhadhara alitumia neno la tusi kukazia; hotuba ilipochapishwa tena baadaye, neno lile likabadilishwa likawekwa jingine lililo tulivu zaidi. Kwa hiyo hata uhakiki una matoleo, nayo yanatofautiana. Ukimnukuu Achebe, sema ni toleo gani.

Kuhusu matoleo, angalieni sana mwaka mnaoandika kwenye mabano. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Riwaya yake Kufikirika ikachapishwa mwaka 1967. Kwa hiyo ni kitabu kilichoandikwa na mtu aliyeishi karibu maisha yake yote chini ya ukoloni, kikaanza kusomwa na umma mwaka wa Azimio la Arusha. Hapo kuna miaka miwili tofauti, na inazaa maswali mawili tofauti. Kisha mwanafunzi anashika chapa mpya ya juzi, anaandika mwaka wa chapa ile peke yake, na ghafla marehemu Shaaban anaonekana ameandika baada ya vyama vingi. Nimeona insha nzima ikijengwa juu ya kosa hilo: "mwandishi anakosoa viongozi wa sasa." Anaweza akawa anatusaidia kuwakosoa viongozi wa sasa, na hilo ni jambo zuri kulieleza. Lakini andikeni miaka yote: wa kuandikwa kama unajulikana, wa kuchapishwa mara ya kwanza, na wa nakala uliyoshika.

Nadharia mtafundishwa, kwa hiyo nitapita haraka. Mjerumani Hans Robert Jauss, kwenye mhadhara wake wa Konstanz mwaka 1967, alizungumzia upeo wa matarajio: yale ambayo msomaji wa zama fulani anayatarajia kabla hata hajafungua kitabu. Ni chombo kizuri. Ila msianze nacho. Anzeni na kitabu, mkisome mara mbili bila uhakiki wowote, mwandike mlivyoona, mtie tarehe. Mkifika mwaka wa tatu mtashangaa kukuta na ninyi mmebadilika.

Kwa vifaa vya kazi, zaidi ya vitabu vya uhakiki na majarida kama Mulika na Kiswahili, tafuteni karatasi za mitihani ya zamani ya Taifa. Hakuna anayezitazama kama ushahidi, na ni ushahidi mzuri mno. Tazameni swali linavyoulizwa. "Mhusika huyu ni mfano mbaya kwa jamii. Jadili" ni zama moja. "Jamii imechangiaje anguko la mhusika huyu?" ni zama nyingine. Aliyetunga swali alikuwa na jibu kichwani, na jibu hilo lina mwaka. Someni dibaji pia, na maneno ya nyuma ya jalada, mlinganishe chapa na chapa.

Halafu nendeni kwa watu. Hili ndilo tunalolishinda jiji kubwa: walimu wastaafu wako hapa hapa, Kihesa, Mafinga, Tukuyu, wengine umbali wa bodaboda moja. Usiende na dodoso. Nenda na kilo ya sukari, amkia, ulizia nyumbani, acha chai inywewe. Daftari lisitoke mpaka umeomba ruhusa. Na usimuulize "unaionaje riwaya hii?", maana atakupa jibu la leo, tena la kukuridhisha. Muulize aliisomea wapi, nani alimpa, alikisoma saa ngapi, walisemaje wenzake. Ukitaja mahali na mkono uliompa kitabu, kumbukumbu hurudi na hukumu yake ya wakati ule.

Mwaka juzi nilimtembelea mwalimu mmoja mstaafu Mafinga. Nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akaniweka jikoni karibu na moto kwa sababu nje mvua ya ukungu ilikuwa inashuka tangu asubuhi. Aliisoma Rosa Mistika mwaka 1974 akiwa chuo cha ualimu. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti ili jalada lisionekane, na walipokezana wanane, kila mmoja usiku mmoja. Walimlilia Rosa. Zakaria walimchukia kiasi kwamba mwenzao mmoja aliandika jina lake kwa mkaa ukutani bafuni na wote wakawa wanalimwagia maji.

Macho yake sasa hayaoni maandishi madogo. Akaniomba nimsomee kurasa za mwisho. Nikasoma taratibu, yeye akichochea moto. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema kwamba amelea mabinti wanne, mmoja alimpiga sana kwa ajili ya mvulana, na mtoto yule mpaka leo hapigi simu. "Zakaria naye," akasema, "aliogopa, mwanangu. Hakujua kuogopa kwa namna nyingine."

Nikamuuliza lini alianza kumwona hivyo. Akatikisa kichwa, akanimiminia chai nyingine. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa nakala yangu ya Mwanjelwa, chini ya penseli ya yule wa tatu, nikaandika maneno yake, Mafinga, na tarehe ya siku ile.